Tupeane uzoefu: gari la zamani lilipokushinda, nani alikutoa?

CHASISI MKONGWE (mleta mada)
Wakuu habari zenu. Jana nimepita sehemu nikakuta kijana kafungua boneti la Peugeot 404, mvuke unatoka kwenye rejeta, mwenyewe kasimama mikono kiunoni, nikajikuta nacheka peke yangu maana hiyo hali naijua. Langu lilikuwa likitembea liko poa, ukikaa foleni tu mshale huo juu. Kila fundi niliyempelekea jibu ni moja, gasketi ya silinda hedi imekwenda, na wa mwisho alishashika spana. Sasa kuna mzee mmoja ana gari kama langu, tupo nchi tofauti na hatujawahi kuonana, nikamwandikia maelezo marefuuu, akanijibu maneno matatu: feni inazunguka mwanangu?

Kumbe 404 feni yake haizunguki muda wote, inashikwa na sumaku ya umeme maji yakishapata moto, na huo umeme unapita kwenye kaboni ndogo inayosugua pale mbele. Kaboni ilishalika yote. Hedi haijafunguliwa mpaka leo.

Sasa nawauliza, gari lilipokushinda kabisa ukafikia kutaka kuliuza chuma chakavu, nani alikutoa na alikwambia nini? Mwageni.

DIZELI DAIMA
Mimi Mercedes W123 ya dizeli. Nimefika nyumbani usiku nazima swichi, gari linaendelea kunguruma. Natoa funguo kabisa nimeushika mkononi, linanguruma tu. Nikaingia ndani nikamwambia mke wangu gari limekataa kuzima, akanitazama kama nimetoka kulewa. Nikamtumia jamaa mmoja video, wala hakushangaa, akasema fungua boneti, juu ya injini kuna kimkono kimeandikwa STOP, bonyeza. Likanyamaza.

Ndo akanipa somo. Dizeli haina cheche, ukikata umeme yenyewe haijali. Hii inazimwa na vakyumu inayokwenda kwenye pampu ya dizeli, na vakyumu hiyohiyo ndo inayofunga vitasa vya milango, kwa hiyo kimpira kikipasuka ndani ya mlango wa nyuma injini haizimi. Niambieni fundi gani wa kawaida angeenda kutafuta ugonjwa wa injini ndani ya mlango?

JEKI LA MBAO
Ungetia gia ya nne ukakanyaga breki ukaachia klachi. Kwisha habari.

DIZELI DAIMA
Ni otomatiki mkuu.

JEKI LA MBAO
Hapo sina neno.

BINTI WA DINAMO
Mleta mada umenigusa. Mimi nina Morris Minor, na kabla sijapata watu wa maana niliwahi kuuliza swali la umeme sehemu, mtu wa kwanza kujibu akaniambia "mwambie mumeo akuangalizie". Sina mume, nina multimita. Niliacha kuuliza muda mrefu sana, yani nilikuwa nasoma tu ya wenzangu.

Ilivyokuwa, nilinunua redio fundi akaifunga, kuwasha tu moshi. Akabadilisha fyuzi, akaweka redio nyingine, moshi tena. Nikaambiwa waya zote za gari zimeoza inabidi zing'olewe zote zifungwe mpya, na mimi nilishaanza kukubali. Siku hiyo nikajikaza nikauliza, mzee mmoja akajibu: "Binti, kabla ya kugusa chochote angalia betri, upande gani umefungwa kwenye bodi." Nikaenda kuangalia. Chanya ndo iko kwenye bodi! Magari mengi ya Uingereza mpaka miaka ya 60 yalitoka hivyo, hasi ndo inatembea kwenye waya, na redio ya kisasa ukiifunga humo unaikaanga. Waya zangu hazikuwa na shida hata moja.

Halafu hakuishia hapo. Alinishika mkono hatua kwa hatua nikaligeuza liwe hasi kwenye bodi kama magari mengine. Betri unaigeuza, waya za koili unazibadilishana, stata unaiacha kama ilivyo kwa sababu itazunguka upande uleule tu, halafu dinamo lazima uiamshe, unagusisha waya wenye umeme wa betri kwenye kile kichwa cha F mara moja tu, inatoa cheche kidogo, unaondoa. Usipofanya hivyo haichaji vizuri. Na yule wa "mwambie mumeo" yule mzee alimjibu pia, kistaarabu, lakini hakurudi tena.

SPANA 13
Nakazia kwa dada. Morris Minor angalia pia traniono za mbele, zile zinazobeba tairi. Zipake grisi bila kuchoka. Nyuzi zake za skrubu zikilika tairi linalala chini ya bodi, na mara nyingi inatokea ukiwa unakata kona taratibu unapaki.

BINTI WA DINAMO
Nilishabadili zote, na kulia na kushoto haziingiliani, nyuzi zake zimegeuziana. Nililetewa mbili za upande mmoja. Ndo raha yenyewe hiyo.

MSOMI WA KUTU
Mimi niongee la breki maana humu watu wanapenda injini tu. Gari likawa linavuta kushoto, ukitembea kidogo tairi la mbele linakuwa la moto huwezi kushika. Tumebadili silinda ya breki, tumebadili brekishuu, tumepiga msasa, wapi. Kuna mtu akaniambia likijibana tena usilifungue tairi, liinue kwa jeki halafu legeza ile skrubu ya kutolea upepo. Nikalegeza, mafuta yakaruka, tairi likawa huru palepale. Akasema basi mgonjwa ni mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta kwenda kwenye tairi. Nje ulikuwa mzima kabisa unang'aa. Ndani umevimba kwa uzee, ukikanyaga mafuta yanapita kwa nguvu, ukiachia hayawezi kurudi.

Mpira wa breki una umri jamani. Kama hujui umewekwa lini, toa.

JEKI LA MBAO
Na mafuta ya breki mwagieni DOT 5 hayali rangi.

MSOMI WA KUTU
Usiwaambie watu hivyo bila maelezo. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na DOT 3 wala 4. Ukimimina juu ya yale ya zamani umeharibu. Na DOT 5.1 ni jamaa wa 4, si wa 5, usidanganywe na jina.

JEKI LA MBAO
Mimi nimesema mwagieni, sijasema changanyeni.

MSOMI WA KUTU
Haya.

PLATINI KAVU
Naomba niandike ndefu mnisamehe, hii sijawahi kuisimulia yote.

Nina Volkswagen Beetle. Kabureta lilikuwa limefanyiwa ukarabati na gereji moja sitaitaja, lilirudi linang'aa gari likawa linatembea vizuri sana. Sasa wenye Beetle mnajua kile kibomba cha shaba cha kuingizia petroli kwenye kabureta, kimesukumizwa tu pale hakina nyuzi, na kwa mtetemo wa miaka kinalegea. Chetu kilichomoka tukiwa kwenye mlima. Mimi nimesikia harufu ya petroli nikasema labda lori la mbele, mara mpwa wangu kiti cha nyuma anasema mjomba nyuma kuna moshi, nikatazama kioo naona rangi ya machungwa. Nikazima swichi nikavuta hendibreki nikamtoa mtoto, nikakimbia naye mbali, nikarudi. Moto unatoka kwenye zile nafasi za mfuniko wa injini. Watu wakaanza kusimama, wengine wanapiga picha, dereva wa lori akaja na mtungi wa unga akapuliza kwa kupitia chini, moto ukazimika tukapiga makofi kabisa. Haujaisha muda ukawaka tena! Akapuliza tena, ukazimika, ukawaka tena, na mtungi ndo umeisha hivyo. Hakuna aliyeelewa kwanini unawaka, swichi nimeshazima.

Hapo ndo akatokea mzee mmoja na yeye ana Beetle, alikuwa anashuka upande wa pili. Hakuuliza kitu. Kaangalia gari limeelekea wapi, akapiga kelele "tangi liko juu!" Ndo ikanijia. Beetle tangi liko mbele, injini nyuma, na sisi tumesimama tumeelekea mlimani, kwa hiyo tangi limekaa juu ya injini na petroli inateremka yenyewe kwenye mpira ulioungua, pampu haihitajiki hata kidogo. Mzee akachukua koleo, akalala chini, akaingiza mkono karibu na giaboksi pale bomba la chuma linapokutana na mpira, akaubana. Dereva mwingine akaleta mtungi wa pili. Puu. Haukuwaka tena.

Na kuna jamaa alikuwa keshakuja na ndoo ya maji, yule mzee akiwa amelala palepale chini ya gari anamfokea weka chini hiyo ndoo! Baadaye ndo akanieleza, injini ya Beetle kesi yake ni aloi ya magnesiamu. Ikifikia kuwaka inatoa mwanga mweupe wa kuumiza macho, ukiimwagia maji unaiongezea moto, inatengeneza hidrojeni.

BINTI WA DINAMO
Mungu wangu. Mtoto yuko salama?

SPANA 13
Daah

DIZELI DAIMA
Ndo maana mimi dizeli.

JEKI LA MBAO
Samahani lakini huyo mzee si shujaa ni kichaa. Unalalaje chini ya gari linalowaka lenye petroli inachuruzika? Gari ni bati, acha liungue.

MSOMI WA KUTU
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Jeki. Kama watu wameshatoka simama mbali. Moto ulikuwa umezimwa kwa muda ndo akapata nafasi, bahati tu hiyo, usiige.

MZEE WA SOLEX
Nyie hamna Beetle hamuwezi kuelewa.

JEKI LA MBAO
Nina ngozi mzee wangu, hiyo inatosha kuelewa.

MZEE WA SOLEX
Haya tuyaache. Wenye Beetle sikilizeni. Kile kibomba kichomolewe, kitengenezewe nyuzi au kifungwe kwa waya kisitoke. Mipira ya petroli ibadilishwe yote, na ile chujio ya plastiki mnayopenda kuning'iniza kwenye chumba cha injini juu ya distribyuta itoeni, ipelekeni chini karibu na tangi au nje ya chumba cha injini. Mtungi wa unga uwe ndani ya gari mahali mkono unafika, usiuweke mbele kwenye mizigo. Moto ukitokea nyuma usifungue mfuniko wote wazi, unaupa hewa. Nyanyua kidogo tu upenyeze.

NINGEJUA TREKTA
Nyie mnaongelea moto wa injini, mimi Beetle yangu iliungua KITI. Betri si iko chini ya kiti cha nyuma? Shemeji yangu ni mtu mzito, mzito kweli, kakaa tu springi za kiti zikagusa vichwa vya betri, na kile kiti kimejazwa nyuzi za nazi na manyoya ya farasi. Tulianza kusikia harufu ya nywele zinaungua kila mtu anamtazama mwenzake. Shemeji ndo alijua wa kwanza, sitasema alijuaje.

SPANA 13
Hahahahaha nimemwaga chai

MZEE WA SOLEX
Kile kifuniko cha betri kiliwekwa kwa sababu. Watu wanakitupa.

CHASISI MKONGWE
Wakuu mada ilikuwa nani alikutoa, turudini kidogo. @Platini, mtoto na gari vipi?

PETROLI SAFI
Mimi nilete tofauti. Msaada wa watu ni mzuri ila na wenyewe unapoteza watu. Niliuliza kuhusu petroli isiyo na madini ya risasi kwenye gari langu la miaka ya 60, nusu wakaniambia injini itakufa ndani ya wiki niweke dawa ya kuongezea, nusu wakasema ni hadithi za bibi. Nikabaki palepale. Risasi ilishatoka kila mahali, Algeria ndo walikuwa wa mwisho kuacha kuiuza kwenye vituo 2021, sasa mtu ananiambia niitafute wapi?

MZEE WA SOLEX
Uongo wa wauza dawa. Nimeendesha miaka yote bila risasi, valvu zangu nzima.

MSOMI WA KUTU
Mzee wangu Beetle yako hedi ni ya alumini, siti za valvu ni pete za chuma kigumu zimepachikwa tangu kiwandani, lazima zibaki nzima. Tatizo lipo kwenye hedi za chuma cha kuyeyusha ambazo siti imechongwa humohumo kwenye hedi. Risasi ilikuwa inaacha utando pale valvu inapogonga. Bila hiyo, ukikimbiza gari kwa mwendo mkali muda mrefu, siti inalika na valvu inazama taratibu. Mtu wa kwenda na kurudi karibu anaweza asione chochote miaka na miaka.

MZEE WA SOLEX
Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

MSOMI WA KUTU
Kwa gari lako. Alichouliza ni la kwake.

MZEE WA SOLEX
Kijana una maneno mengi, umewahi kufungua injini kweli au unasoma tu?

MSOMI WA KUTU
Zote mbili, inawezekana.

SPANA 13
@Petroli Safi waache hao. Pima nafasi ya tapeti, ule uwazi kati ya valvu na kinachoisukuma, andika mahali, pima tena baada ya muda. Nafasi ikiwa inajifunga yenyewe kila ukipima valvu inazama, siku ukifungua hedi weka siti ngumu. Isipobadilika endesha gari lako ulale usingizi.

PETROLI SAFI
Ahsante. Hili ndo jibu nililolitafuta muda wote, la kupima mwenyewe.

BINTI WA DINAMO
Ndo tofauti ya anayejua na anayebisha. Anayejua anakupa kitu cha kwenda kuangalia.

KIMYA KIMYA
Huwa sichangii nasoma tu. Ila mnaposema kusaidiwa mnanikumbusha Bertha Benz, mke wa yule Carl Benz aliyetengeneza gari Ujerumani. Mwaka 1888 alichukua gari la mumewe bila kumwambia akaenda na watoto wake wawili wa kiume mpaka Pforzheim, kama kilomita 104. Petroli yenyewe hakuna, akanunua ligroini, kimiminika cha kusafishia kinachowaka kama petroli, kwenye duka la dawa pale Wiesloch. Bomba la mafuta likaziba akalizibua kwa pini ya kofia. Breki za mbao zikalika, fundi viatu akamgongea ngozi. Fundi viatu! Yani safari ya kwanza ndefu ya gari duniani ilifika kwa sababu watu wa njiani ambao hawajawahi kuona gari walisaidia. Haya narudi kusoma.

JEKI LA MBAO
Uwe unaongea basi mkuu.

DIZELI DAIMA
Na wewe Jeki uwe unasoma.

PLATINI KAVU
Nimerudi, samahani. Mtoto mzima kabisa, anasimulia shuleni mpaka mwalimu kaniuliza. Gari nyuma lilikuwa baya, rangi imevimba, waya zote za upande ule zimekuwa makaa, distribyuta imeyeyuka kofia, mabati ya kuelekeza hewa yamepinda. Kesi ya injini haikuwaka. Nilishaamua kuliuza lilivyo.

Yule mzee akanitafuta mwenyewe. Kumbe alikuwa ameandika kwa wenzake wenye Beetle, mmoja ana mfuniko wa injini, mwingine ana mabati, mwingine anatoa ile nyumba ya feni, wengi wao sijui hata sura zao. Waya nilifunga mimi, kuna dada mmoja alikuwa ananitumia picha za gari lake, nampigia picha yangu ananiambia huo mweusi toa, huo peleka kwenye koili, usiku mzima. Kabureta la akiba nililopewa lilikuja na karatasi imeandikwa "kibomba nimeshakitia nyuzi". Malipo walikataa. Mmoja alisema nikipata mtu mwenye shida ya Beetle nimsikilize mpaka mwisho, basi.

BINTI WA DINAMO
@Platini huo mweusi nilikwambia mara nne utoe.

PLATINI KAVU
Hahaha ndo huyo dada jamani.

SPANA 13
Wee Binti una Beetle pia??

BINTI WA DINAMO
La kaka yangu. Hajui kama nililifungua.

MSOMI WA KUTU
Kabla sijasahau, mabati yenye kutu msiyapige msasa yote, yawekeni kwenye maji yenye soda ya kufulia mpitishe umeme wa chaja ya betri, hasi kwenye bati lako, chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida. Chuma kisichoshika kutu usitumie, kinatoa kromiamu yenye sumu. Fanyia nje, inatoa hidrojeni. Na alumini usiitie humo kabisa, italiwa.

JEKI LA MBAO
Au siki.

MSOMI WA KUTU
Au siki, ndiyo. Usiisahau humo tu.

MGENI NJIANI
Habari za humu, naombeni msaada, nimeachiwa Beetle na babu yangu imekaa muda mrefu, cheche ni hafifu sana, nimeambiwa nirekebishe platini, ile swichi ndogo ya kukata umeme ndani ya distribyuta. Niweke nafasi ngapi?

MZEE WA SOLEX
Jalada la kiberiti linatosha kijana. Ndo tulivyofanya enzi zetu.

JEKI LA MBAO
Kadi ya simu.

MSOMI WA KUTU
Kadi ipi? Zina unene tofauti zote.

JEKI LA MBAO
Ile nyembamba.

PLATINI KAVU
Mgeni usiwasikilize hawa. Zungusha injini kwa mkono mpaka platini ifunguke mwisho kabisa, ile sehemu ya juu ya kemu ya distribyuta, kisha fila gegi (kile kibati chembamba cha kupimia) ya 0.4 mm ipite kwa kukwaruza kidogo. Kabla ya hapo fungua uangalie uso wa platini, ikiwa imechimbika weka mpya na kondensa yake, usihangaike kuipiga msasa. Petroli iliyomo kwenye tangi imwage. Na usipige stata mpaka unitumie picha ya mipira yote ya petroli na kile kibomba cha kabureta, nipo macho.